Kutu Chini ya Rangi ya Poda: Mwongozo Kamili wa Kupaka Upya Vyuma vya Lori Nyumbani, kwa Walio Pwani ya Kusini

Pita kwenye maegesho ya malori hapa Mtwara mwezi wa Agosti, kabla korosho hazijaanza kushuka kutoka Newala na Tandahimba, uangalie vyuma vyeusi vya nje: gadi ya mabomba ya mbele, ngazi za kupandia kebini, mabano ya sanduku la betri, keria. Kwa mbali vinang'aa. Sogea, pitisha kidole kwenye kona ya chini, karibu na tundu la bolti, utakuta kivimbe kama chunusi. Kibonyeze kwa ukucha. Ganda la rangi linavunjika na unga wa kahawia unamwagika kiganjani.

Mara ya kwanza kukuta hali hiyo kwenye Fuso la familia yetu, nilifanya wanavyofanya wengi. Nilishika grenda siku hiyohiyo, nikasugua mpaka chuma kikawa cheupe, nikapaka praima nyekundu na rangi nyeusi juu yake. Ilipendeza. Mvua zilipokwisha, vivimbe vilikuwa vimerudi palepale, tena vikubwa zaidi. Rangi haikuwa mbovu na praima haikuwa mbovu. Nilikuwa nimefungia chumvi ndani. Nilisugua chuma ambacho hakijaoshwa, na brashi ya waya ikaishindilia chumvi ile kwenye vishimo vya kutu, kisha nikaifunika vizuri kwa mikono yangu mwenyewe.

Tangu hapo, kazi yangu ya rangi huanza na maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Grenda inakuja baadaye.

Rangi ya poda ni kitu gani, na kwa nini inakufa kimyakimya

Rangi ya poda haichanganywi na thina wala haipakwi kwa brashi. Ni unga mkavu wa plastiki, wa poliesta au epoksi au mchanganyiko wa hizo mbili. Kiwandani hupulizwa kwa bunduki inayoupa chaji ya umeme, ukang'ang'ania kwenye chuma, halafu chuma kinaingizwa kwenye tanuri la nyuzi joto 180 hadi 200 za Sentigredi kwa dakika 10 hadi 20. Unga unayeyuka, unaungana na kuwa ganda moja gumu lenye unene wa maikroni 60 hadi 100. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70, kwa hiyo ganda hilo si nene kama watu wanavyodhani.

Ugumu wake ndio uzuri wake, na ndio unaoiponza. Kokoto ikiruka barabarani ikalipiga, ganda hupasuka. Ufa huo unaweza usiuone kwa macho, lakini maji yanauona. Halafu kuna sehemu ambazo tangu kiwandani zilitoka dhaifu. Unga unapoyeyuka hujivuta kutoka kwenye ncha kali, kwa hiyo kwenye kingo za bati na midomo ya matundu ya bolti rangi inabaki nyembamba. Kwenye pembe za ndani, pale bati mbili zinapokutana, umeme huuvuta unga kwenye kingo za karibu, na kule ndani kabisa hufika kidogo. Ndani ya mabomba ya gadi mara nyingi hakufiki kitu.

Sasa ongeza upepo wetu wa bahari. Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hakikauki hata siku ambayo haikunyesha. Kutu inapozaliwa huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na kwa kuwa ganda la poda ni gumu, linanyanyuliwa kipande kizima kama bati la paa. Chini ya bati hilo maji yanatembea. Ndiyo maana kivimbe kimoja unachokiona kina mtaa mzima wa kutu usiouona pembeni yake. Ukisugua kivimbe peke yake umesugua dalili tu.

Lori linalobeba samaki, ambalo maji ya barafu yenye chumvi yanadondokea kwenye chesisi, linaoza haraka kuliko la mbao. Linalopakia kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi au Kilwa ni balaa zaidi. Na gari lililoendeshwa ufukweni Msimbati, magurudumu yakirusha mchanga wa mawimbi, linapaswa kuoshwa jioni ileile.

Kupaka poda upya nyumbani haiwezekani, kwa sababu tanuri hatuna, na usithubutu kuazima oveni ya jikoni: moshi wa plastiki ile haufai kukaa mahali panapookwa mikate. Tunachofanya ni kuondoa poda iliyokufa, kubakiza iliyo hai, na kujenga juu yake praima na rangi ya kawaida.

Vyuma ambavyo si vya kupaka uani

Kabla ya kufungua nati hata moja, gonga chuma kwa nyundo ndogo kuanzia juu hadi chini. Kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na pengine nyundo inazama. Kilichotoboka ni cha fundi wa kuchomelea, rangi haikisaidii. Ndoano za kuvutia, sahani ya kuunganishia tela na mabano yanayobeba uzito yakiwa na ufa au vishimo virefu, yapeleke kwa anayejua, maana rangi mpya juu ya ufa inaficha jambo linaloweza kuua watu barabarani.

Rimu za chuma unaweza kuzipaka, ila kuna sehemu mbili usizijaze rangi: uso unaogusana na habu, na vikalio vya nati. Rangi nene hapo hubonyea na kuchakaa lori likitembea, nati zinalegea, gurudumu linatoka. Zizibe kwa tepu. Ukisharudisha rimu, kaza nati kwa mpangilio na nguvu inayotakiwa na gari lako, halafu zikague na kuzikaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Jaribu pia kwa sumaku. Isiponasa, pengine hiyo ni alumini, na kutu yake ni unga mweupe. Alumini ioshe kwa sabuni laini, usiiguse kwa kostiki, na praima yake iwe ya epoksi.

Mwezi gani, saa ngapi

Kwetu mvua huanza kati ya Novemba na Desemba zikaendelea hadi Aprili, pengine Mei. Miezi ya kazi hii ni Juni hadi Septemba. Minada ya korosho huanza Oktoba, na hapo hakuna mwenye lori atakayekubali kulilaza wiki nzima. Kwa hiyo Agosti na Septemba, lori likiwa limepumzika na ardhi imekauka, ndio wakati wenyewe.

Ila miezi hiyo ina kusi. Asubuhi kuna umande, mchana upepo unabeba vumbi na chumvi. Mimi huandaa vyuma tangu mapema, napaka kuanzia saa nne jua likishakausha umande, na saa tisa nimeweka brashi chini ili rangi ikauke kabla umande wa jioni haujashuka. Kazi naifanyia upande wa nyumba uliojikinga na bahari, kivulini. Chuma kikiachwa juani hadi hakishikiki kwa mkono, rangi huchemka juu yake na kuacha vitundu kama vya sindano, na kila kitundu ni mlango wa kutu.

Huna kipimo cha unyevu? Chukua kitambaa chenye maji kidogo, kipitishe mara moja kwenye chuma. Alama ya maji ikikauka yote ndani ya robo saa, paka. Ikibaki, subiri.

Vitu vya kuwa navyo

Msasa namba 60 au 80, 120, 180 na 240. Brashi ya waya ya mkono na ya grenda, pamoja na diski za msasa za majani-majani. Kikwangulio au patasi kuukuu. Sabuni ya unga, ndoo tatu, brashi ya kufulia. Thina, vitambaa vyeupe vya pamba visivyotoa nyuzi, tepu ya karatasi. Dawa ya kugeuza kutu. Praima, rangi ya juu, brashi mbili nzuri za inchi 1 na inchi 2. Kopo la lita moja hufunika kama mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja wa brashi. Ukipuliza kwa kompresa, ongeza angalau theluthi, maana nyingine inakwenda na upepo. Nunua makopo yenye alama ya TBS, na kama kuna tarehe ya mwisho wa matumizi, isome.

Kwa mwili wako: miwani ya kazi inayoziba pembeni, glavu, viatu vya kufunika vidole na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi kiasi, mvuke haiuzuii hata kidogo. Kandambili ziache mlangoni.

Nyumba zetu nyingi jiko la mkaa liko uani. Siku ya thina na rangi, jiko lihamie upande mwingine wa nyumba, na watoto wakacheze kwa jirani. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi ukutane na kaa la moto.

Kufungua

Chomoa waya hasi wa betri kwanza. Piga picha kila kipande kabla hujakitoa, kisha weka nati na bolti zake kwenye kopo lake. Nati iliyoganda ipulizie mafuta ya kulainisha kutu jioni, ilale nayo, asubuhi igonge kidogo pembeni halafu ndipo uweke spana. Usiichome kwa gesi ikiwa imezungukwa na rangi ya poda au bati la mabati: moshi wa poda unawasha mapafu, na moshi wa zinki unaleta homa usiku.

Kupaka kipande kikiwa bado kwenye gari inawezekana, ila mgongo wake, pale kinapobanana na kingine, ndipo kutu imelala. Nakusihi kitoe.

Kuosha mara ya kwanza

Hapa ndipo ningetaka ukae kuliko kwingine kote.

Ondoa grisi na tope zito kwa kitambaa chenye thina. Kisha vunja kwa kikwangulio maganda yote yaliyonyanyuka, bila kusugua bado, ili maji yafike chini yake. Sasa osha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga, ukipeleka brashi ya kufulia kwenye pembe, matundu na mishono ya kuchomelea. Suuza. Badilisha maji. Suuza tena. Badilisha tena.

Maji yenyewe ni jambo la kuuliza. Visima vingi vya karibu na ufuko vina maji ya chumvi, na kuosha chumvi kwa maji ya chumvi ni kupoteza nguvu. Yaonje. Kama yana chumvi mdomoni, tafuta ya bomba yaliyo baridi, au ya mvua mliyoyavuna kwenye simtanki.

Fundi mmoja mzee wa majahazi pale Mikindani aliniona nikiwa nimebeba gadi begani. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akaishika, akapitisha kidole kwenye kutu, kisha akakilamba. "Mjukuu wangu, hii bado iko baharini," akasema. "Sisi hatupaki shahamu kabla ya kukalafati, na hatukalafati mbao isiyokauka." Kukalafati ni kuziba nafasi kati ya mbao za chombo, na shahamu ni mafuta yanayopakwa juu yake. Nilirudi nyumbani nikaiosha mara ya tatu. Gadi hiyo ndiyo iliyo kwenye lori hadi leo.

Kutafuta mpaka wa rangi iliyo hai

Chuma kikikauka, anza na ncha ya kisu au patasi. Isukume chini ya ganda kutoka kwenye kutu kuelekea nje. Poda iliyokufa inanyanyuka kama ganda la yai lililochemshwa. Endelea mpaka kisu kigome, halafu songa mbele sentimita 2 au 3 ndani ya rangi inayoonekana nzima.

Je, hiyo iliyobaki imeshika kweli? Kata msalaba kwa wembe mpaka ufikie chuma, bandika kipande cha tepu ngumu juu yake, kikandamize, kisha kivute kwa ghafla. Kikitoka na vipande vya rangi, hapo bado ni makaburi, endelea kukwangua. Kikitoka kitupu, umefika. Fanya jaribio hili sehemu tatu au nne za kila kipande. Kama zaidi ya nusu ya kipande imekwisha kufa, kitoe rangi chote, utapumzika mapema.

Kuna jaribio lingine la kujua kama rangi iliyopo ni poda kweli au kuna mtu alishaipaka juu. Sugua kwa kitambaa chenye thina kwa nusu dakika. Poda iliyookwa vizuri haitikisiki, itaacha rangi kidogo tu kwenye kitambaa. Rangi ya kawaida hulainika na kunata. Ikinata, iondoe, maana praima kali zenye thina juu yake zitaikunja kama ngozi ya maziwa.

Dawa za kumenya rangi haziiwezi poda kirahisi, na zile zinazoiweza mvuke wake ni hatari kwa mtu anayefanya kazi nyumbani. Sizitumii. Kuchoma kwa moto vilevile situmii, kwa sababu nilizotaja.

Kusugua kutu

Brashi ya waya ya grenda inatoa kutu iliyolegea, lakini ina udanganyifu wake: ikizidi inaing'arisha kutu badala ya kuitoa. Utaona rangi ya kahawia-nyeusi inayometameta ukadhani ni chuma. Ikikufikisha hapo, badili uweke diski ya msasa, namba 60 au 80, ukiishika kwa ulalo na kuipitisha kwa wepesi ili usile chuma. Pembeni na ndani ya pembe malizia kwa msasa wa mkono. Waya za brashi hukatika na kuruka kama mishale, kwa hiyo miwani haivuliwi hata kwa dakika moja, na grenda haitolewi kava.

Vipande vidogo, kama mabano na washa, vitumbukize kwenye siki nyeupe saa 12 hadi 24, visugue, visuuze, uvichovye kwenye maji yenye magadi kidogo kuua ukali wa siki, kisha uvikaushe mara moja. Ila bolti ngumu, zile zilizoandikwa 10.9 au 12.9 kichwani, usizitie kwenye asidi yoyote, hata siki, kwa sababu asidi inaweza kuzifanya ziwe rahisi kukatika. Nunua mpya.

Halafu kuna habari ya kupiga mchanga kwa kompresa. Nimeona watu wakijaza ndoo kwa mchanga wa ufukweni, wakauanika, wakaupuliza kwenye chuma. Chuma kinatoka cheupe kama mfupa, na baada ya siku mbili kimekuwa cha machungwa chote. Mchanga wa bahari ukikauka chumvi yake haiondoki, inabaki kwenye kila punje, na kwa kasi ile unaipiga ndani ya chuma. Lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba vumbi la mchanga mkavu ni silika, na silika ikiingia kwenye mapafu huleta silikosisi, ugonjwa usioponyeka, unaomkata mtu pumzi polepole kwa miaka. Hata mchanga wa mtoni una silika hiyohiyo. Nakuomba, usifanye na usimlipe kijana akufanyie. Kama kipande ni kikubwa mno kwa mkono, kipeleke kwenye karakana yenye vifaa kamili na mchanga wa chuma au wa madini yasiyo na silika.

Ukimaliza kutu, chonga ukingo wa rangi iliyobaki. Kwa msasa namba 120, kisha 180, ufanye mteremko kutoka kwenye poda kushuka hadi kwenye chuma. Fumba macho upitishe kidole. Kama kidole kinahisi ngazi, bado. Mwishowe piga msasa namba 240 kwenye poda yote iliyobaki, mpaka mng'ao wote ufe. Poda inayong'aa haishikwi na kitu.

Kuosha mara ya pili, na jaribio la usiku

Suuza tena kwa maji baridi na brashi, kausha haraka kwa kitambaa na upepo wa kompresa au jua. Chuma kitapata wekundu mwepesi wa haraka, usiogope. Kiache usiku mmoja ndani ya chumba. Asubuhi kichunguze kwenye mwanga: vishimo ambavyo vimekuwa na madoa meusi au yenye unyevunyevu wakati pembeni kumekauka, vina chumvi bado. Visuuze na kuvisugua upya. Nimewahi kurudia mara nne kwenye ngazi ya lori la samaki.

Kikiwa safi, futa wekundu ule kwa msasa namba 120 mkavu, pangusa vumbi, kisha futa kwa kitambaa chenye thina, upande mmoja wa kitambaa kwa kila mpanguso. Kuanzia hapo usikishike kwa mkono mtupu, jasho nalo ni chumvi. Pwani hii una saa chache tu kabla chuma kitupu hakijaanza kubadilika, kwa hiyo praima iingie siku hiyohiyo.

Dawa ya kutu au praima ya zinki: chagua moja

Kwenye vishimo ambavyo msasa haufiki, dawa ya kugeuza kutu inasaidia. Nyingine zina asidi ya fosfori, nyingine tanini, na nyingine zina zote mbili. Asidi huigeuza kutu iwe fosfeti ya chuma, tanini huigeuza iwe nyeusi yenye ubluu. Tanini wapwani tunaijua bila kuijua kwa jina: ndiyo iliyomo kwenye ganda la mkoko, inayotia wekundu. Paka dawa nyembamba kwenye kutu tu, isitapakae kwenye chuma kisafi wala poda, iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na uondoe mabaki kama chupa inavyoelekeza. Dawa haigeuzi kutu ya maganda mazito, inabadilisha tabaka la juu tu na la chini linaendelea kula.

Praima yenye zinki nyingi ni kitu kingine. Zinki hujitoa mhanga ili chuma kisiliwe, lakini ili ifanye hivyo lazima iguse chuma kitupu kwa umeme. Juu ya dawa ya kutu, juu ya kutu, au juu ya poda ya zamani, ni rangi ya kijivu ya bei ghali tu. Kwa hiyo kipande ulichokitoa rangi chote kikawa cheupe, tumia zinki. Kipande chenye viraka na vishimo, tumia praima ya epoksi ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha, au praima nzuri ya mafuta ya kuzuia kutu. Kwa mtu wa nyumbani anayepaka viraka kwa brashi, mimi ningechagua epoksi, kwa sababu inashika vyema kwenye chuma na kwenye poda iliyopigwa msasa.

Na kuna jambo linalonipa furaha kila ninapokoroga epoksi. Mafuta ya ganda la korosho hutoa kitu kinachoitwa kardanoli, na kutokana nacho hutengenezwa aina ya hadina inayopendwa kwenye rangi za meli, kwa kuwa hukauka hata penye baridi na unyevu. Resini ya ganda hilohilo huingia pia kwenye bitana za breki. Sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka bandarini zikiwa ghafi, na ganda lake linaondoka nazo. Ila usijaribu kupaka mafuta mabichi ya ganda kwenye chuma. Yanaunguza ngozi, kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua.

Praima

Kabla ya kupaka uso wote, chukua brashi ndogo upake praima kwenye kingo, mishono ya kuchomelea, midomo ya matundu na pembe za ndani. Ni zile sehemu dhaifu tangu kiwandani. Acha zishike kidogo, kisha paka kipande chote. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa na wengi, na kutu ya kwanza siku zote inazaliwa hapo.

Pima hadina kwa kipimo kilichoandikwa, si kwa jicho. Ikiwa kidogo praima inabaki laini, ikizidi vilevile inaharibika. Changanya kiasi utakachomaliza kabla haijaganda, na kwa joto letu huganda mapema kuliko muda ulioandikwa.

Mikono miwili ya praima. Soma muda wa kungoja kati ya mikono. Epoksi ikipitiliza muda wake bila kupakwa kitu, inakuwa ngumu mno, na hapo lazima uikwaruze kwa msasa ndipo upake tena.

Rangi ya juu

Epoksi ikiachwa juani hugeuka chaki, kwa hiyo lazima ifunikwe. Rangi ya mafuta ya kung'aa, mikono miwili kwa brashi, inatosha kwa gadi, ngazi na mabano. Mkono mmoja wa brashi ukikauka unabaki kama maikroni 30 hadi 40, ndiyo maana mmoja hautoshi kufikia unene wa poda ya mwanzo. Kati ya mkono na mkono acha usiku kucha, kwaruza kidogo kwa msasa 240, pangusa.

Kuhusu rangi za magari za kuchanganya na hadina, zile za poliyurethani: zinang'aa na zinadumu, lakini hadina yake ina isosayaneti. Ukiipuliza, ukungu wake unaweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya vichujio haiaminiki kwake. Wanaozipuliza ipasavyo wanavuta hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Uani kwako, kati ya nyumba za watu, usizipulize.

Vitambaa vyenye rangi ya mafuta usivirundike kwenye ndoo, huweza kujiwashia moto vyenyewe. Vitandaze vikauke.

Kurudisha

Rangi ikiwa kavu kwa kidole bado ni laini ndani. Nangoja siku 7 kabla ya kukaza bolti juu ya rangi ya mafuta, la sivyo washa inaikata kama kisu. Weka washa ya plastiki au mpira mahali isipoathiri ukazaji. Waya wa ardhi wa umeme uguse chuma kitupu, halafu upake grisi juu ya kiungo.

Sasa ndani ya mabomba. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya gadi; ukikuta hakuna, toboa la milimita 8 sehemu ya chini kabisa kabla ya praima, si sasa. Ndani mimina nta ya kuzuia kutu au mafuta mazito safi, zungusha bomba, yanayozidi yatoke. Hii ni baada ya rangi kukauka, kwa sababu tone moja la mafuta juu ya chuma kisichopakwa linaharibu kazi ya siku tatu. Oili chafu ya injini isitumike, ina tindikali, na itadondokea kwenye udongo wa mahali mnapochota maji.

Kila Jumamosi mwagia vyuma maji baridi, hasa upande wa chini, na siku lori likitoka kwenye samaki, chumvi au mchanga wa Msimbati usingoje Jumamosi. Weka kikopo cha praima na brashi ndogo ndani ya kebini. Kokoto ikichubua rangi njiani kutoka Masasi, ukifika osha hapo, kausha, gusa kwa praima wiki hiyohiyo, rangi ya juu itafuata ukipata nafasi.